Kahawa Aliyoiacha Gergina

Mkwe wangu Gergina aliiacha kahawa mezani, kikombe kimejaa, na hapo ndipo nilipoanza kumtazama.

Mwanamke huyu namjua tangu mwanangu Ognyan alipomwoa binti yake Nevena. Hajawahi kuondoka kwangu kabla hajaona kitako cha kikombe. Hunywa, hukifudikiza kwenye kisahani, hukifunua na kuyasoma machicha ya kahawa kama mpiga ramli, ingawa nimemwambia mara nyingi kwamba mbele ya sanamu zangu takatifu mambo ya machicha siyataki. Siku ile hakunywa wala hakusoma. Alivaa koti lake jeusi, akambusu mjukuu wetu Bilyana utosini, akasema miguu inamuuma.

"Miguu humuuma anayetembea, mkwe," nikamwambia. "Wewe umekaa."

"Yangu inauma hata nikikaa," akanijibu, na tayari mkono ulikuwa kwenye kitasa.

Ilikuwa Jumamosi ya Wafu, ile inayotangulia Kwaresima. Asubuhi tulikuwa makaburini sote. Mimi nilikwenda na kikapu changu kwa ajili ya marehemu mume wangu Stamat, na Gergina na chake kwa ajili ya mwanawe Metodi, kaka yake Nevena, aliyefia kwenye barabara ya mlimani kabla ndevu hazijamkolea. Makaburi yao yako safu moja, lakini la Metodi liko mbele kidogo, karibu na ukuta.

Kwetu siku hiyo chakula hakikataliwi. Kila mwenye marehemu wake hupita na bakuli la ngano iliyochemshwa, yenye sukari na jozi, zile kokwa ngumu tunazozivunja kwa nyundo majira ya baridi. Anakuchotea kiganjani, nawe unasema "Mungu amsamehe," unakula. Asante haisemwi. Kinachobaki hakirudi nyumbani, huachiwa ndege na maskini. Wanawake husema unachokula hapa, marehemu anakila kule. Kasisi wetu hasemi hivyo, lakini naye hula bila kubishana nao.

Upepo ulishuka kutoka milima ya Balkani, na mimi na Nevena tukahangaika na mshumaa wa Stamat. Tukiuwasha, unazimika. Gergina akasema, "Nyinyi endeleeni, mimi natangulia na mtoto kwa mjomba wake." Akamshika Bilyana mkono, wakaenda wakikanyaga matope. Bilyana alikuwa bado hajatimiza miaka mitatu, na koti lake jekundu lilionekana kutoka mbali.

Tulipowafikia, mtoto alikuwa mwekundu usoni kuliko koti. Machozi na kamasi vilikuwa vinamtiririka, anakohoa. Gergina alikuwa amepiga magoti kwenye matope, anamfuta mdomo kwa kitambaa chake cha kichwa.

"Ana nini?" Nevena akauliza.

"Hana kitu. Mshumaa umemtisha. Moto uliruka."

Nikautazama mshumaa wa Metodi. Ulikuwa umechomekwa mchangani umesimama wima, na utambi wake ulikuwa mweupe kama ulivyotoka dukani.

Makaburini mtu haulizwi. Lakini niliuona, na nilipokuja kuiona ile kahawa nayo imeachwa, vitu viwili hivyo vikakaa pamoja kichwani mwangu vikakataa kuondoka.

Jumapili mtoto alicheza. Alinifuata kanisani, akapuliza mishumaa ya watu nikamkemea, akacheka. Nikajiambia, Trendafila, uzee unakuja na ubaya wake, acha watu na kahawa zao. Lakini Jumatatu, wakati namvisha soksi, nikasikia mluzi.

Ulikuwa mluzi mwembamba, kama birika linaloanza kuchemka chumba cha pili. Akivuta pumzi, unalia. Akitoa, unalia zaidi. Nikamwita Nevena.

"Bibi, kuna ndege," Bilyana akasema, akijigusa kifua. "Ndege yumo."

Nevena akaweka sikio. Alipoinua uso, hakumtazama mtoto, alinitazama mimi. Kisha akatazama juu ya kichwa changu, pembeni, inakowaka taa yangu ya mafuta mbele ya Mama wa Mungu.

"Mama, ile taa inatoa moshi."

"Inawaka hapo tangu kabla mumeo hajazaliwa."

"Na jiko lako la kuni pia. Nimekwambia mapafu ya mtoto hayataki moshi. Nimekwambia mara ngapi?"

"Umeniambia. Na Ognyan alikulia kwenye moshi huohuo, sasa anaendesha lori mpaka Ujerumani."

"Basi tumngoje Ognyan arudi na lori aje amtibu!"

Akapanda kwenye kiti, akaizima taa kwa vidole. Sikumzuia. Mama mwenye hofu humgombezi, unamwachia nafasi. Lakini ile pembe ilipoingia giza niliona kama mtu amenifumba jicho moja.

Tulikwenda kwa daktari wa mtaa wetu, mzee mwenye mikono baridi. Gergina alitukuta pale pale kliniki, akalibeba koti la mtoto. Daktari akasikiliza, akagonga mgongo, akaangalia koo.

"Mkamba," akasema. "Ndiyo majira yake. Hakupaliwa na kitu?"

"Kitu gani, daktari?"

"Chochote. Pipi, kokwa, kipande cha kichezeo."

"Hapana," Nevena akasema. "Chakula chake nakisimamia mimi. Karanga, pipi ngumu, jozi, mbegu za alizeti, vyote nimevipiga marufuku. Hata mabibi zake wanajua, na wananichukia kwa hilo."

Daktari akacheka. Mimi nikamtazama Gergina. Alikuwa ameinama juu ya lile koti dogo, anafunga kifungo, anakifungua, anakifunga tena. Lilikuwa koti tupu, halina mtoto ndani yake.

Tukapewa dawa ya maji na maelekezo ya mvuke.

Sasa niseme ukweli, wakati huo sikumshuku Gergina peke yake. Nilimshuku pia jirani yangu Zdravka. Ana macho ya buluu iliyopauka, na kwetu macho kama hayo watu hawayapendi juu ya mtoto mzuri. Ile Jumamosi asubuhi, tulipokuwa tunatoka, alisimama kwenye ua wake akasema kwa sauti, "Uuu, tazama mashavu! Kama tufaha!" Na hakutema. Mtu akimsifu mtoto hutema mate kidogo pembeni, tfu, tfu, ili sifa isigeuke jicho. Yeye hakutema. Mimi ni mtu wa kanisa na najua mambo hayo si ya kanisa. Lakini yapo, na mtu hutema.

Kwa hiyo Zdravka alipokuja Jumatatu na banitsa ya moto kwenye sinia, ile keki ya jibini, nilimpokea mlangoni na sikusogea.

"Nimesikia mtoto anaumwa," akasema.

"Umesikia haraka."

"Kuta nyembamba, jirani."

"Masikio mapana," nikamwambia. Nikachukua sinia, nikasema mtoto amelala, nikafunga. Nilimwona kupitia pazia amesimama pale kidogo, mdomo wazi, kama mtu aliyekuja na maneno mawili akaruhusiwa kusema moja. Kisha akaenda zake. Banitsa sikuigusa, nikaipa paka, na paka akaila yote akalala jikoni akiwa mzima kabisa.

Jumanne nilitoa lile koti jekundu ili nilipige brashi, maana lilikuwa na matope ya makaburini mpaka kwenye pindo. Nikageuza mifuko. Katika mfuko wa kulia kulikuwa na kipande cha jozi.

Nilikaa chini. Kilikuwa nusu ya nyama ya jozi, nyeupe na iliyojikunja, na ukingo wake mmoja ulikuwa umeumwa. Alama za meno madogo zilionekana wazi. Upande wa pili wa ile alama hakukuwa na kitu. Kile kilichoumwa kilikuwa kimekwenda mahali.

Jozi za ngano yangu huzitwanga kwenye kinu cha shaba mpaka ziwe unga, kwa sababu meno yangu si ya kutegemea. Hakuna nusu katika bakuli langu. Na chakula cha wafu hakivuki kizingiti. Basi nilishika nini mkononi? Nilikiweka kwenye kisahani, nikakifunika na kikombe. Kukitupa niliogopa, na kukichoma pia.

Nikampigia Gergina simu.

"Mkwe, Jumamosi ulimpa mtoto chochote?"

"Nimpe nini mimi?" Jibu lilikuja kabla swali halijatua. "Mimi nimpe nini? Binti yangu angenichinja."

"Hata kijiko cha ngano?"

"Trendafila, wewe unaniuliza kama polisi. Mtoto ana mkamba, daktari kasema. Zima jiko lako." Akakata.

Hakuuliza mtoto ameamkaje. Bibi gani anapigiwa simu kutoka nyumba yenye mgonjwa asiulize ameamkaje? Anayejua kitu na anaogopa kuambiwa zaidi.

Usiku huo homa ikapanda. Kulipokucha mbavu za mtoto zilikuwa zinaingia ndani kila akihema, ngozi inanasa kwenye mifupa kama kitambaa kilicholowa. Ndege wake alikuwa amenyamaza upande mmoja, na hilo lilinitisha kuliko mluzi. Nevena alikuwa ameacha kuilaumu taa, ameacha kulaumu chochote, anamtikisatikisa tu begani akisema, "Pumua, roho yangu, pumua na mama." Nikatoka uani kumtafuta mtu wa gari, maana Ognyan alikuwa bado njiani na lori lake.

Zdravka alikuwa kwenye ua, anakung'uta zulia.

"Mwambie mumeo atoe gari," nikamwambia. "Tunakwenda hospitali ya mkoa."

Akaliacha zulia likaanguka. "Stanimir! Gari!" Halafu akanigeukia, na macho yake yale yaliyopauka yakanitazama bila kupepesa. "Mmeshamwambia daktari kwamba alipaliwa?"

"Nani alipaliwa?"

"Mtoto! Makaburini. Mimi nilikuwa kwa mama yangu, safu ya nyuma. Nilimwona Gergina amemwinamisha kichwa chini, anampiga mgongoni, pu, pu, pu. Nikasema Mungu wangu, halafu mtoto akalia, nikashukuru. Anayelia anapumua."

"Na kwa nini hukusema?"

"Nilikuja kusema! Nilikuja na banitsa! Ukanifungia mlango usoni kama mimi ndiye niliyemla mtoto wako."

Stanimir alikuwa ameshaliwasha gari. Nikarudi ndani, nikachukua kisahani, nikakifunga kile kipande kwenye leso, nikatia mfukoni. Nilipokuwa natoka, Zdravka alimtazama Bilyana mikononi mwa mama yake na safari hii akatema, tfu, tfu, tfu, mpaka mumewe akamwambia, "Basi, mwanamke, utalowesha viti."

Garini nilimwambia Nevena aliyoyasema Zdravka. Hakuamini.

"Mama yangu? Mama yangu anyamaze kitu kama hicho?" Midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya zabibu nyeusi, na Nevena ameikazia macho. "Zdravka anapenda maneno. Wewe mwenyewe husema. Jumatatu ulisema ana jicho, leo ni shahidi?"

Hapo alinipata. Mtu akishuku kila mlango, siku akigonga mlango wa kweli hafunguliwi. Ile leso sikuitoa, maana jozi haisemi imetoka mkono wa nani; nikasali Baba Yetu pole pole, na kwa kila neno nikasubiri pumzi ya mtoto ifike.

Hospitalini walimchukua mara moja, wakamwekea mpira wa hewa usoni na wakampiga picha ya kifua. Gergina alikuwa ameshafika. Nevena alikuwa amempigia simu tangu alfajiri, naye alikuja kwa basi la kwanza. Alikaa kwenye benchi la korido, mkoba juu ya magoti, mikono juu ya mkoba. Hakuinuka alipotuona.

Daktari alikuwa mwanamke mrefu, jina lake Manolova. Hakupoteza maneno.

"Pafu la kulia halipati hewa inavyopaswa. La kushoto linapata. Mkamba huwa hauchagui upande hivi. Picha haionyeshi kitu, lakini chakula huwa hakionekani kwenye picha, wala mbao, wala plastiki. Kwa hiyo nawauliza, na mfikiri kabla ya kujibu. Mtoto huyu alipaliwa na kitu siku za karibuni?"

"Jirani yetu anasema..." nikaanza.

"Jirani anasema mengi," Nevena akanikata. "Mama yangu ndiye aliyekuwa naye. Mama, alipaliwa?"

Gergina akatazama ukuta. Kulikuwa na picha ya sungura anayenawa mikono.

"Mshumaa ulimtisha," akasema.

Daktari Manolova akatutazama mmoja mmoja. "Sikilizeni. Nikimlaza na kuingiza mrija kifuani kwa mtoto mdogo hivi, mwenye homa, si mchezo. Nikijua kuna kitu, naingia sasa hivi, na namwita mwenzangu wa dawa ya usingizi aache chakula chake. Nisipojua, nitajaribu dawa kwanza na kungoja. Na kungoja, kama kuna kitu, ni kubaya zaidi. Naenda kumwangalia. Nikirudi nataka jibu."

Nevena akamfuata ndani. Tukabaki mimi na Gergina na yule sungura.

Nikatoa leso, nikaifungua juu ya mkoba wake. Kile kipande kikalala pale, kidogo, na alama zake za meno.

Hakukigusa.

"Kilikuwa mfukoni mwa koti," nikasema. "Koti ulilokuwa unalifunga vifungo."

"Nilidhani amezimeza zote," akasema taratibu. "Nilidhani zimekwisha."

"Zilikuwa ngapi?"

"Sijui. Mkono wake. Alifungua mkono, nikamtilia." Akafumba macho. "Ni za mti wa Metodi, Trendafila. Aliupanda mwenyewe, mwaka jana ndipo ulipozaa vizuri mara ya kwanza. Sikuzitwanga. Nilisema hizi nitaziweka nusu nusu, zionekane. Yule mtoto ni damu yake. Nikasema akila yeye, atakula na mjomba wake. Ni chakula kilichobarikiwa, kasisi alikinyunyizia maji mbele yangu! Chakula kama kile kinamdhuruje mtoto?"

"Kikipita njia ya hewa kinamdhuru, kimebarikiwa au hakijabarikiwa."

"Alikohoa, nikampiga mgongo, akalia, nikajua imetoka."

"Uliiona ikitoka?"

Akamtazama tena yule sungura.

"Gergina. Uliiona?"

"Sikuiona."

"Na kliniki, daktari alipouliza? Na mimi, nilipopiga simu? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe hukufundishwa hilo?"

Hapo akanigeukia, na sikuwahi kumwona na uso ule, hata siku walipomshusha Metodi.

"Nikisema, watasemaje? Unajua watakavyosema! Mtoto ameumwa Siku ya Wafu, kwa jozi za kaburi la Metodi, kutoka mti wa Metodi. Watasema anamvuta. Watasema mwanangu yuko peke yake kule na anataka mtu wa kukaa naye. Watasema hivyo kisimani, dukani, kanisani kwako, miaka yote, na Nevena hatamleta tena mtoto kaburini. Hatamtaja tena ndugu yake ndani ya nyumba. Nina nini kingine mimi? Nina kaburi na mti."

Nikataka kumkasirikia, hasira nilikuwa nayo tayari kinywani. Lakini nilijua anasema kweli. Wangesema. Ningeweza hata kuwataja majina.

"Wafu hawavuti mtu," nikamwambia. "Metodi alikuwa mtoto wa adabu. Akiwa hai alivua koti lake akamfunika mbwa wa Stamat kwenye theluji. Leo aje amnyime pumzi mtoto wa dada yake? Wewe ndiye unayemsingizia, mkwe, si wao. Kila dakika unayokaa hapa kimya, unamfanya awe vile unavyoogopa watu watasema."

Kidole chake kimoja kikasogea, kikagusa ile jozi.

Niliangalia mlango alikoingia daktari. Niliamua kwamba ukifunguka na Gergina hajasimama, nitasema mimi, hata kama binti yake hataniamini, nitamwekea daktari ile leso mkononi. Nilikuwa nimeshainuka nusu.

Mlango ukafunguka. Gergina akasimama kabla yangu, mkoba ukaanguka, leso ameishika mbele yake kwa mikono miwili kama mtu anayetoa sadaka.

"Jozi," akasema. "Nilimpa mimi. Alipaliwa. Sikuona ikitoka."

Daktari Manolova alichukua leso, akatazama alama za meno, akageuka akaanza kuita majina ya watu huku anatembea. Hakumlaumu mtu yeyote. Kulaumu kulifanywa na Nevena, aliyekuwa amesimama nyuma yake. Sitayaandika aliyomwambia mama yake. Yalikuwa mafupi. Gergina aliyapokea amesimama, mikono ikining'inia, na yalipokwisha, Nevena mwenyewe akamwegemea begani.

Tulikaa watatu kwenye benchi moja. Nilitoa rozari yangu ya sufu nyeusi, yenye mafundo, nikampa Gergina ncha moja nikabaki na nyingine. Hakujua kuisali, akawa anayapapasa tu.

Daktari alirudi barakoa ikiwa imeshushwa kidevuni. Kwenye kichupa alikuwa na kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi, kimelegea, kimegeuka rangi.

"Kilikuwa kimekaa vizuri kama mwenye nyumba," akasema. "Kingekaa siku nyingine mbili, tungekuwa tunazungumza mengine. Sasa ana nimonia, hiyo tutaitibu. Anapumua pande zote mbili."

Waliniruhusu nimwone kutoka mlangoni. Nilisimama nikasikiliza. Hakukuwa na ndege.

Watu walisema? Walisema, bila shaka. Kwenye foleni ya mkate, mwanamke mmoja akaanza, "Kumbe ni yule Metodi," na Zdravka, aliyekuwa nyuma yake, akasema kwa sauti ya duka zima, "Kumbe ni jozi, mama, na ukitaka nitakupa moja uimeze nzima tuone nani anakuvuta." Tangu siku hiyo nampelekea banitsa mimi. Macho yake bado siyaamini sana, lakini mdomo wake naushukuru. Taa yangu inawaka tena. Nevena aliiwasha mwenyewe, bila kusema kitu, na akaisogeza mbali na kitanda cha mtoto, nami nikaiacha alikoisogeza.

Jumamosi ya Wafu nyingine huja kabla ya Pentekoste, miti ikiwa na majani. Gergina alikuja kwangu siku moja kabla, amebeba mfuko wa jozi.

"Niazime kinu chako," akasema.

Nikampa. Kisha nikavuta kiti nikakaa mbele yake.

"Unanichunga?"

"Nakuchunga."

"Chunga," akasema, akatwanga. Alitwanga mpaka jasho likamtoka, mpaka jozi zikawa unga, na unga ukawa mafuta. Nikapitisha vidole. Akapitisha vyake. Nikamchungia mara ya pili kwa chujio la chai, hakulalamika. Kahawa aliinywa yote. Alipokifudikiza kikombe, mimi nilikuwa na shughuli dirishani.

Makaburini hakukuwa na upepo. Mshumaa wa Metodi uliwaka mara moja. Gergina akashika bakuli, akatuchotea mmoja mmoja, na kila mmoja akasema, "Mungu amsamehe." Nevena alisema kwa sauti ndogo, lakini alisema, na alikuwa amekuja. Zdravka alipita kutoka safu ya nyuma, naye akapewa.

Halafu Bilyana akanyoosha kiganja.

Gergina hakumpa. Alimtazama Nevena, kijiko kimesimama hewani. Mimi nikamtazama Nevena. Zdravka akamtazama Nevena. Nevena akachukua kile kijiko, akamwaga ngano kwenye kiganja chake mwenyewe, akaisambaza kwa kidole, akaitazama punje kwa punje, akainusa. Kisha akamwekea mtoto kidogo, punje chache laini, na unga wa jozi umezishika kama vumbi.

"Tafuna," akasema. "Tafuna sana. Usiseme kitu. Usicheke."

Mtoto akatafuna. Wanawake wanne tulisimama tumemkazia macho kooni, hakuna aliyehema. Akameza. Akafungua mdomo wazi atuonyeshe kwamba hakuna kitu tena, kama tulivyomfundisha wiki nzima.

"Mungu am'samee," akasema, na akaomba nyingine.